Injini ya minivani imeanza kusumbua: soma dalili, tafuta chanzo, kisha ujue nani alipe

Kwa familia yenye watoto wanne au watano, na kwa wale wanaopakizana kwenda zamu ya usiku kwenye viwanda vya nyama, minivani ndiyo gari. Ndiyo maana Honda Odyssey, Toyota Sienna, Dodge Grand Caravan, Chrysler Town & Country na Kia Carnival zimejaa kwenye maegesho ya Wakongo na Waafrika Mashariki waishio Marekani. Nyingi zimenunuliwa mtumba, zikiwa na maili 80,000 au 120,000 tayari, na wenye magari wanaamini jambo moja: waranti ilikwisha zamani, kwa hiyo injini ikifa, hasara ni yangu.

Mara nyingi ni kweli. Si mara zote, na tofauti huamuliwa na yanayofanyika siku mbili tatu za mwanzo. Injini ikishafunguliwa na fundi wa mtaani, oili ikamwagwa na plagi kuukuu zikatupwa, hakuna kampuni itakayokubali kwamba kasoro ilikuwa yake. Kwa hiyo usikimbilie swali la "itanigharimu kiasi gani?" Anza na "hii dalili inatokana na nini, na inapimwaje bila kuharibu ushahidi?"

Nani huwa analipa

Waranti ya injini na gia kwa Honda na Toyota ni miaka 5 au maili 60,000, chochote kitakachotangulia; ya Chrysler hutegemea mwaka wa gari. Kia wanatangaza miaka 10 au maili 100,000, ila hiyo ni ya mnunuzi wa kwanza tu. Ukinunua Kia mtumba kwa mtu, unabaki na miaka 5 na maili 60,000. Siku zinahesabiwa tangu gari lilipouzwa likiwa jipya, na tarehe uliyolinunua wewe haihusiki. Dila, yaani gereji ya wakala rasmi wa kampuni, anaweza kukuonyesha tarehe hiyo kwenye kompyuta akishaingiza namba ya chesisi. Muulize.

Nje ya hapo kuna rikoli, pale kampuni inapoyaita magari yake yarudi kwa sababu ya kasoro ya usalama. Matengenezo ya rikoli ni bure, uwe mmiliki wa kwanza au wa tano, mradi gari halijapita miaka 15 tangu liuzwe mara ya kwanza hadi rikoli ilipotangazwa. Kuna nyongeza za waranti ambazo kampuni hutoa kimya kimya, au baada ya kesi ya pamoja ya wamiliki. Kuna waranti ya sheria ya shirikisho kwa vifaa vikuu vya moshi, miaka 8 au maili 80,000. Na kuna hisani, ambapo kampuni hailazimiki kulipa lakini inalipa sehemu.

Namba ya chesisi ina herufi na tarakimu 17, utaiona kwenye kioo cha mbele upande wa dereva. Iingize kwenye tovuti ya NHTSA, mamlaka ya serikali ya usalama barabarani, uone kama gari lina rikoli ambayo haijafanyiwa kazi. Fanya hivyo leo, hata kama gari linanguruma vizuri.

Dalili ya kwanza: oili inapungua na hakuna tone chini

Hii inaua minivani nyingi, kwa sababu haina kelele. Unabadilisha oili, unaendesha miezi mitatu, siku moja unapiga kona taa nyekundu ya oili inawaka mara moja na kuzima. Chini ya gari pakavu. Ukipima, kijiti kinatoka kikavu pia.

Watu wengi huongeza oili wakaendelea na safari. Ongeza, ndiyo, lakini andika. Kidaftari cha shule kinatosha, kikae kwenye kisanduku cha mbele, na kila mstari uwe hivi:

"Tarehe 3 Machi, maili 91,240, oili ilikuwa chini ya alama ya chini, nimeongeza robo galoni moja ya 0W-20, risiti imebandikwa nyuma."

Mistari minne mitano ya namna hiyo ina nguvu kuliko saa nzima ya kulalamika dirishani kwa dila.

Chanzo kinaweza kuwa ringi za pistoni zilizoganda au kuchakaa, sili za valvu, au ile valvu ndogo ya kupumulia injini iliyoziba. Valvu ya kupumulia ni spea ya bei ndogo, kwa hiyo ikaguliwe mwanzo. Ringi ndizo zenye gharama. Ishara yake ni moshi wa buluu unapokanyaga mafuta baada ya kukaa kwenye foleni, na plagi zenye masizi meusi yenye unyevunyevu.

Kampuni hazikubali maneno matupu hapa. Zinataka kipimo cha matumizi ya oili, na kipimo hicho kinafanywa na dila mwenyewe. Fundi anajaza oili hadi alama ya juu, anapaka rangi au kufunga sili kwenye bolti ya kutolea oili, kwenye kichujio na kwenye kifuniko, kisha anakuambia uendeshe maili 1,000 au 1,200 urudi. Usiguse kitu humo katikati. Ukiongeza oili hata kidogo, kipimo kimeharibika na unaanza upya. Kwenye injini ya Toyota ya 2AZ-FE, ambayo ringi zake zilileta malalamiko mengi, kizingiti kilikuwa robo galoni moja ndani ya maili 1,200. Magari ya Marekani yaliyovuka hapo, kama Camry na RAV4 za miaka fulani, yalibadilishiwa pistoni na ringi chini ya mpango maalumu wa kampuni.

Niwaguse kidogo walioko nyumbani: injini hiyohiyo imo ndani ya Alphard na Estima nyingi zinazoletwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani. Mpango ule ulikuwa wa magari ya soko la Marekani. Alphard yako inayokula oili Kariakoo haina wa kuilipia, kwa hiyo pima kijiti kila Jumamosi na uhesabu gharama ya ringi mapema.

Kwa Sienna kuna historia inayofaa kujulikana. Toleo la 1998 hadi 2002, lenye injini ya V6 ya lita 3.0, lilikuwa na tatizo la oili kugeuka tope zito jeusi na kuziba njia ndani ya injini. Kampuni mwanzoni ilisema wenye magari hawabadilishi oili kwa wakati. Wenye magari wakajibu kwa risiti. Mwaka 2002 Toyota ikaanzisha mpango wa kutengeneza injini hizo kwa miaka 8 tangu gari liuzwe, bila kikomo cha maili, ukihusu takribani magari milioni 3.3 ya Toyota na Lexus. Na mwaka 2007 kesi ya pamoja ikamalizwa kwa makubaliano. Mpango huo umekwisha muda wake zamani, na Sienna hizo sasa ni mikweche. Lakini mabishano ni yaleyale hadi leo: wao watasema hukubadilisha oili, na jibu lako ni karatasi.

Ukibadilisha oili mwenyewe nyumbani, huna kosa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1975 iitwayo Magnuson-Moss inakataza kampuni kukunyima waranti kwa sababu tu hukwenda kwa dila au hukutumia kichujio chenye nembo yao. Watakachotaka ni uthibitisho: risiti ya oili na kichujio, tarehe, na maili. Risiti za dukani hufifia wino baada ya miezi michache, kwa hiyo zipige picha siku hiyohiyo.

Dalili ya pili: taa ya cheki injini inawaka-waka na gari linamisi

Taa ikiwaka na kutulia, una muda wa kufika gereji. Ikiwaka-waka, punguza mwendo, toka barabara kuu, simama. Maana yake injini inamisi, yaani kuna silinda isiyochoma petroli yake sawasawa, na petroli isiyoungua inapita kwenye ekzosi na kuchoma katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, na katalisti ni ghali.

Kabla ya kubadili kitu chochote, soma kodi, yaani namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari imehifadhi. Maduka ya spea kama AutoZone husoma bure. P0300 ni kumisi kwa silinda nyingi. P0301 hadi P0306 zinataja silinda yenyewe. Piga picha ya kioo cha mashine, kodi na maili zionekane. Usikubali kijana wa dukani akufutie kodi kama fadhila. Akifuta, amefuta na kumbukumbu ya hali ya injini wakati tatizo lilipotokea.

Chanzo cha kawaida ni plagi au koili inayoipa plagi umeme. Jaribio la fundi wa zamani bado linafanya kazi: hamisha koili ya silinda inayomisi uipeleke silinda nyingine. Kodi ikihama nayo, koili ndiyo mbaya, na hiyo ni spea ya kawaida, lipa uende zako. Kodi ikibaki palepale, chomoa plagi uitazame. Plagi kavu yenye rangi ya kahawia ina afya. Plagi iliyolowa oili inakurudisha kwenye dalili ya kwanza.

Hapo ndipo Odyssey za 2008 hadi 2013 zinapoingia. Zina mfumo unaozima baadhi ya silinda gari linapokwenda mwendo wa starehe, ili kuokoa petroli. Wamiliki walilalamika kwamba baadhi ya silinda zinapitisha oili, plagi zinachafuka, na injini inamisi. Kesi ya pamoja ikaishia kwa Honda kuongeza waranti ya tatizo hilo hadi miaka 8 tangu gari liuzwe, bila kikomo cha maili, ikihusu pia baadhi ya Accord V6 na Pilot za miaka hiyo. Hesabu mwenyewe: Odyssey iliyouzwa mwishoni mwa 2013 ilimaliza muda wake mwishoni mwa 2021. Anayekuuzia Odyssey ya 2012 leo na kukuambia "ina waranti ya kumisi" anakuuzia hewa.

Ukiwa ndani ya miaka 8 na maili 80,000, na katalisti imekufa, taja waranti ya sheria ya moshi kwa jina. Inahusu katalisti na kompyuta kuu ya injini, kwa kila gari dogo linalouzwa Marekani, na inafuata gari bila kujali mmiliki. Madila wengi hawaitaji mpaka uulize.

Dalili ya tatu: mlio mzito wa kugonga kutoka chini

Huu si mlio wa juu wa tik-tik. Ni "ko-ko-ko" nzito inayotoka tumboni mwa injini, inayoongezeka ukikanyaga mafuta, na watu wetu wana neno lake: injini imenoki. Beringi za konrodi, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krenkishafti (shafti kuu ya injini), zimekwisha. Ukiendelea kuendesha, konrodi inaweza kutoboa bloku na oili ikamwagika barabarani.

Zima injini. Usiendeshe hadi nyumbani "taratibu". Ita gari la kuvuta, na bima nyingi zina huduma hiyo kwenye fomu ambayo hukuisoma.

Swali lenye pesa ni hili: beringi zimekwisha kwa kukosa oili, au kwa kasoro ya kiwandani? Kampuni itaanza na oili. Kwa hiyo kabla gari halijabebwa, vuta kijiti, piga picha ya kiwango na maili kwenye dashibodi. Kama oili ilikuwa alama ya juu na beringi zimekwisha, umejibu nusu ya swali kabla hawajauliza. Gereji ikitaka kumwaga oili, waombe wakusanye kidogo kwenye chupa safi na wakate kichujio. Vumbi la chuma linalong'aa kwenye mikunjo ya karatasi ya kichujio linasema beringi, na picha yake inaeleweka kwa yeyote.

Mwenye Odyssey ya 2018 au 2019 asome hapa mara mbili. Novemba 2023 Honda ilitangaza rikoli ya magari 248,999 yenye injini ya V6 ya lita 3.5, zikiwemo Odyssey za miaka hiyo, pamoja na baadhi ya Pilot, Ridgeline, Acura TLX na Acura MDX. Mtambo wa kiwandani ulikuwa umewekwa vibaya, krenkishafti zikatoka na kasoro, na beringi za konrodi zikaweza kuchakaa na kukwama gari likiwa barabarani. Namba ya rikoli hiyo kwa NHTSA ni 23V-751. Dila anakagua, na ikibidi anatengeneza au anabadilisha injini, bure. Novemba 2024 NHTSA ikafungua uchunguzi mwingine juu ya magari takribani milioni 1.4 ya Honda na Acura yenye injini za aina hiyo, baada ya kupokea taarifa zaidi ya 170 za beringi kufa kwenye magari ambayo rikoli haikuyagusa. Taarifa hizo zilitoka kwa watu kama wewe. Injini yako ikinoki na haimo kwenye rikoli, jaza malalamiko kwenye tovuti ya NHTSA. Hayatakulipa kesho, lakini ndiyo yanayofungua uchunguzi.

Dalili ya nne: tik-tik ya juu asubuhi

Grand Caravan na Town & Country zenye injini ya Pentastar ya lita 3.6 hupiga tik-tik juu, upande mmoja, hasa ikiwa baridi. Chanzo kimojawapo ni roka, vyuma vidogo vinavyosukuma valvu, zenye viberingi vidogo vilivyochakaa. Zikiachwa, zinakula na kamshafti, shafti inayoziendesha. Kingine, kwenye matoleo ya 2011 hadi 2013, ni silinda hedi ya kushoto, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda. Ikiharibika injini inamisi pia, na kodi zake huwa za silinda shufwa: P0302, P0304, P0306. Chrysler iliongeza waranti ya hedi hiyo ya kushoto hadi miaka 10 au maili 150,000. Kwa sasa miaka 10 imepita kwa karibu magari yote hayo. Ila kama ulilipia hedi wakati muda ulikuwa bado haujaisha, na ulipofika hapo hakuna aliyekwambia kuhusu nyongeza hiyo, peleka risiti uombe kurudishiwa. Mbaya zaidi watasema hapana.

Kwenye Pentastar hizo pia tazama kasha la plastiki la kichujio cha oili, lililokaa katikati ya safu mbili za silinda. Hupasuka na kuvujisha oili ndani ya bonde la injini, ambako huioni ukitazama chini ya gari. Fundi asiyelijua atakuambia injini inakula oili.

Dalili ya tano: joto kupanda, moshi mweupe wenye harufu tamu

Maji ya rejeta yanapungua bila kuvuja, sindano ya joto inapanda kwenye mlima, hita inatoa hewa baridi, asubuhi moshi mweupe hautaki kuisha. Gasketi ya hedi ndiyo mshukiwa. Kuna kipimo cha kemikali cha bei ndogo: kichupa chenye kimiminika cha buluu kinawekwa mdomoni pa rejeta, na kikigeuka njano, gesi ya moto wa injini imeingia kwenye maji. Usifungue rejeta ikiwa na moto.

Juu ya malipo hapa sina habari njema. Ndani ya waranti ya injini, gasketi inalipwa. Nje yake, kampuni itauliza pampu ya maji, themostati na feni, na kama uliendesha sindano ikiwa juu, wataona kwenye kumbukumbu za kompyuta au kwenye hedi iliyopinda. Simama mara sindano inapopita katikati, piga picha, ita gari la kuvuta.

Dalili ya sita: injini imezima ghafla, inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida

Mkanda wa taimingi umekatika. Odyssey zina mkanda, na ukikatika valvu hugongana na pistoni. Hii hailipwi na mtu. Mkanda ni matengenezo ya kawaida, takribani maili 100,000 au miaka 7. Ukinunua Odyssey mtumba na muuzaji hana risiti ya mkanda, hesabu kwamba haujabadilishwa. Sienna tangu 2007 zina cheni.

Jinsi ya kudai

Umeshajua dalili na chanzo. Sasa mpangilio.

Peleka gari kwa dila wa kampuni husika, hata kama fundi wako wa mtaani ni bora zaidi. Kampuni haitazungumza juu ya injini iliyochunguzwa na mtu mwingine. Lipa ada ya uchunguzi na uombe matokeo kwa maandishi. Wakisema lazima wafungue injini ili wajue, uliza kabla ya kusaini: nani analipa kufungua ikiwa mtakuta kasoro ya kiwanda? Na injini ikifunguliwa halafu nikakataa matengenezo, nitarudishiwa gari likiwa limefungwa au likiwa vipande? Majibu yaandikwe kwenye karatasi ya kazi.

Mwambie anayekupokea akutafutie taarifa za kiufundi ambazo kampuni hutuma kwa madila wake kuhusu dalili yako. Unaweza kuzitafuta mwenyewe pia kwenye tovuti ya NHTSA, kwa jina la gari na mwaka. Taarifa ya kiufundi si rikoli na haikupi matengenezo bure, lakini inaonyesha kampuni inalijua tatizo. Ukiwa na namba ya taarifa mkononi, mazungumzo yanabadilika.

Kisha piga simu makao makuu ya kampuni Marekani, huduma ya wateja, wala si dila. Omba wafungue faili na wakupe namba yake. Kama Kiingereza chako hakijatulia, omba mkalimani wa Kiswahili, kampuni nyingi kubwa zina huduma ya ukalimani kwa simu. Mtoto wako wa sekondari anaweza kutafsiri barua, lakini kwenye simu atachoka kabla yako, na watamsikia ni mtoto.

Usianze na kesi wala mwanasheria. Ukitaja mwanasheria, mtu wa huduma ya wateja anafunga mdomo na kukuhamishia idara ya sheria, na hisani imekwisha. Barua iwe fupi, mfano huu, uitafsiri:

"Namba ya chesisi: … Maili: 74,300. Nilinunua gari hili likiwa na maili 41,000 na nimelibadilishia oili kila maili 5,000. Risiti zote zimeambatanishwa. Tarehe 12 Mei injini ilianza kugonga kutoka chini. Oili ilikuwa kwenye alama ya juu, picha imeambatanishwa. Dila wenu amethibitisha beringi za konrodi zimechakaa. Naomba kampuni ilipie matengenezo, au sehemu yake, kwa kuwa matunzo yamefuatwa na kasoro hii inajulikana kwenu. Naomba jibu ndani ya siku 14."

Kampuni huangalia vitu vichache: umepita waranti kwa kiasi gani, risiti, kama umekuwa ukihudumiwa na dila wao, na kama tatizo linafahamika. Maili 74,300 kwa waranti ya 60,000 unaweza kuongea. Maili 160,000 huwezi, labda kama kuna rikoli. Jibu la kwanza mara nyingi ni "hapana" kutoka kwa mtu ambaye hana mamlaka ya kusema "ndiyo". Mwombe apeleke faili kwa meneja wa kanda anayeshughulikia madila. Wakikupa nusu, uliza kama nusu hiyo ni ya spea tu au na ufundi, maana ufundi kwenye injini unaweza kuzidi spea. Dila naye anaweza kuombwa apunguze upande wake.

Hapana ikiendelea kuwa hapana, kuna BBB AUTO LINE, usuluhishi wa bure kwa mteja ambao baadhi ya watengenezaji wamejiunga nao. Uamuzi unaifunga kampuni endapo wewe utaukubali, na wewe hulazimiki kuukubali. Kuna mahakama ya madai madogo, usiyohitaji mwanasheria, ambayo kikomo chake Texas ni dola 20,000. Sheria za magari mabovu ziko kila jimbo, ila nyingi zimeandikwa kwa ajili ya gari jipya. Kwa Sienna ya maili 110,000 uliyonunua kwa mtu kwenye maegesho ya duka, usipoteze muda huko.

Na kama huna namna, gari linahitajika Jumatatu, umeamua kulipa mwenyewe? Lipa, lakini usitoe pesa taslimu bila karatasi. Risiti iwe na namba ya chesisi, tarehe, maili, maelezo ya chanzo na si "kubadilisha injini" tu, na uthibitisho wa malipo wa benki. Beringi au pistoni za zamani ziombwe ziwekwe kwenye boksi. Rikoli ikitangazwa baadaye kwa tatizo hilohilo, kampuni inatakiwa kuwa na utaratibu wa kuwarudishia waliokwisha kulipa, na barua ya rikoli hueleza tarehe ya mwisho ya kudai. Barua hutumwa kwenye anwani iliyosajiliwa pamoja na gari. Ukihama, badilisha anwani kwenye usajili, vinginevyo itaishia kwa mpangaji aliyeingia baada yako.